Siku Tano za Kalenda

Mume wangu alikufa kwa presha, kitandani mwake, saa nne asubuhi, na karibu hakuna aliyeamini. Miaka ile, Bujumbura, mtu akisema amefiwa, swali la kwanza lilikuwa "wapi?" na la pili "nani kafanya?" Niliposema nyumbani, na kwamba hakuna mtu aliyemfanya kitu, watu walinitazama kana kwamba nawaficha jambo. Fundi mmoja wa gereji yake aliniambia, "Afadhali, shemeji, yeye amekufa kifo chake." Nilimkasirikia wiki nzima. Kifo cha wengi ni harusi, wanasema. Basi mimi nilikuwa na msiba wa peke yangu katikati ya harusi ya mji mzima.

Tulikuwa tukikaa Mutakura, kaskazini ya mji, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, chumba kimoja kila alipopata nafasi. Hatukujaliwa mtoto. Ndugu zake walikwisha kutawanyika, na mimi nilibakiwa na mmoja tu, dada yangu mkubwa, aliyeolewa Bwiza na mchuuzi wa mchele. Alifika saa ile ile aliposikia, akashika shughuli za maziko kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Mume wangu alizikwa alasiri. Magharibi, wanaume waliporudi kutoka makaburini, dada alisimama uani akatazama juu ya mapaa upande wa Kongo, akasema mwezi umeandama. Sikuinua macho. Nilikuwa na hasira na mbingu yote siku ile.

Usiku wa hitima dada aliniambia, mbele ya mumewe, shemeji yangu, ili asiwe na njia ya kukataa: "Ukimaliza eda unahamia kwangu. Kuna vyumba viwili vinatazama bomba. Nitavifagia."

Kwa asiyejua mambo yetu, mjane wa Kiislamu hukaa eda nyumbani kwa mumewe miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa haja, na hahami. Wenzangu waliokaa eda wakati wa amani walilalamika kwamba wamekatazwa wanja. Mimi wanja sikuukumbuka hata mara moja. Shida yangu ilikuwa lile neno la mwisho, kwa sababu Mutakura nzima ilikuwa inahama.

Watu walikuwa wakijigawa kabila kwa kabila, mtaa kwa mtaa. Huyu anakimbilia huku, yule anakimbizwa kule, na vijana wenye fimbo na mengine wanakaa njia panda kuangalia nani anapita na nini. Sisi watu wa msikiti tulikuwa na kimsemo chetu kwamba hatumo. Ilikuwa nusu kweli. Lakini nyumba ikijulikana kuwa mwenyewe anajiandaa kuondoka, haikumaliza siku mbili. Waporaji walitoa mlango kwanza, halafu madirisha, halafu mabati, mpaka ukuta ukabaki unanyeshewa. Kwa hiyo ilibidi tuhame bila kuhama, mpaka siku yenyewe ifike.

Mpango huo aliutunga dada. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, siku mji ukiwa na utulivu, alikuja kwa miguu na kikapu chake kichwani, juu amefunika majani ya muhogo. Alinipikia, akafua, akanisimulia habari za Bwiza. Kisha akaondoka na kikapu kile kile, majani yale yale juu, na chini yake sufuria. Safari nyingine pasi. Safari nyingine viatu vya mume wangu vya Idi. Hakupita njia moja mara mbili mfululizo, na akiulizwa alisema anapeleka mboga kwa mfiwa, au anatoka kwa mfiwa na mboga zimekataliwa. Nilimwambia kwamba kwa uongo ule angefaa kuwa waziri. "Mawaziri wana kazi gani," alinijibu, "we nipe tu hiyo chujio."

Hivyo nyumba yangu ilipungua kidogo kidogo, huku nje ikionekana vile vile. Mapazia tuliyaacha. Redio ilienda mwezi wa tatu wa eda, chini ya majani, na baada ya hapo sikuwa na sauti ndani ila yangu, na yangu nilikuwa nimeichoka. Nilikuwa na kitanda, jiko la makaa, sahani moja, na kalenda.

Kalenda ile ndiyo kisa changu. Kabla ya mume kufa nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi mtaa wa Asiatique, kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Kazi yangu ilikuwa kubandika karatasi kwenye majora na kuandika kwa mkono mzuri tarehe kila jora lilipofika. Tarehe nilizijua kama wengine wanavyojua nyimbo. Kila mwaka mpya tajiri alinipa kalenda kubwa ya ukutani, yenye picha ya mlima wenye theluji. Asubuhi ya pili baada ya maziko niliiteremsha, nikapekua miezi minne mbele, nikaongeza siku kumi, nikazungushia duara la kalamu nyekundu. Nilijisikia nimeshika kitu. Nilipomweleza dada kwamba siku nimeshaihesabu, alisema na yeye anahesabu. Hatukuulizana zaidi. Nani angefikiri kwamba watu wawili wataihesabu miezi minne ikatoka tofauti?

Mwezi wa tatu hali ilikuwa mbaya, na dada alinijia na neno la mwalimu wa msikiti wao. Mwalimu alisema hofu ni udhuru, na mjane anayehofia nafsi yake anaweza kumalizia eda mahali pa salama. Nilimwuliza hofu ya nani, maana mimi siogopi. Nilikuwa naogopa mpaka chakula hakipiti. Ila nilikuwa nimeshajiambia kwamba mume wangu sitamkosesha hata siku moja ya haki yake, na kiburi cha mfiwa ni kigumu kuliko kiburi cha tajiri. Dada alitikisa kichwa, akaweka blanketi moja kikapuni, akaenda.

Upande wa kushoto alikaa mama mmoja, mfanyakazi wa serikali, Mkristo, mtu wa heshima zake. Tangu nifiwe alikuwa akinisalimu juu ya ukuta kila asubuhi. "Ihangane, mama," alisema, neno la Kirundi la kumpa mtu pole, halafu akaenda kuanika nguo. Wiki moja salamu haikuja, lakini nguo zilikuwa kambani: mashuka mawili, suruali, gauni la mtoto. Nikajua wapo. Ikanyesha, zikalowa. Jua likatoka, zikakauka. Ikanyesha tena. Siku ya tatu nilipanda juu ya ndoo nikachungulia, nikaona jiko limepoa na kuku mmoja ameingia chumbani. Walikuwa wameziacha zile nguo ili tuamini wapo. Niliamini, na nilikuwa nimefurahi kuziona kila asubuhi. Niliteremka kwenye ndoo nikalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu maziko, na sikujua namlilia nani.

Baada ya hapo nilibaki mimi tu kwenye mstari wetu. Upweke wa eda una adabu yake, watu wanajua uko ndani na kwa nini. Ule ulikuwa mwingine. Nilianza kuiambia kalenda habari za asubuhi.

Sasa siku yenyewe. Kuipanga siku ya kuhama katika mji ule kulitaka akili. Isiwe Ijumaa kabla ya swala. Isiwe karibu na alasiri, kwa sababu saa ya kutotoka nje ilikuja mapema na dereva alitaka awe amesharudi. Isiwe siku ya ville morte, mji mfu, vijana wanapofunga barabara kwa mawe na duka lolote lisifunguliwe. Hizo hazikutangazwa mapema, ulizijua ukiamka. Dada alipata kamyoneti ya mtu anayejuana na shemeji. Atakuja saa tatu, atapakia kitanda na mimi, robo saa, twende. Mlango tutafunga kwa kufuli kama watu wanaorudi.

Alikuja kweli, saa tatu, kamyoneti ikinguruma nje. Ila kwenye kalenda yangu lile duara jekundu lilikuwa bado siku tano.

Aliingia na furushi, amevaa vizuri. Ndani ya furushi mlikuwa na sabuni mpya, udi kidogo kwenye karatasi, na kitenge cha rangi ya ndizi mbivu. Mjane akimaliza eda huogeshwa na wanawake wenzake, akavishwa nguo mpya, akatolewa nje. Wanawake wenzangu wote walikuwa yeye.

"Kaa tayari," alisema. "Maji nachemusha mi. Siku zako zimeisha leo."

"Hazijaisha, dada. Zimebaki tano."

"Tano za nani?"

Nikamwonyesha ukutani. Hakuitazama hata kidogo.

"Apana, mudogo wangu. Eda haiko ya kalenda, iko ya mwezi. Toka siku ya maziko nimeuona mwezi mara ine na macho yangu, nikaongeza siku kumi. Hii ya wazungu inajua nini, haijui hata kama mutu amekufa."

Hapo nilisema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya peke yangu. Nilimwambia kwamba mimi nimesoma. Dada yangu alisoma chuo cha Kurani tu, akajua herufi za Kiarabu na kuhesabu kwa vidole. Mimi ndiye niliyepelekwa shule ya masista, kwa sababu yeye alikubali kubaki nyumbani na mama yetu mgonjwa. Nilijua hivyo, na bado nikasema.

Hakukasirika. "We umesoma, ndiyo. Basi umesoma mwezi?"

"Haraka haraka haina baraka, dada."

"Na ngoja ngoja inaumiza matumbo."

Nje dereva alipiga honi. Dada aliketi kwenye ukingo wa kitanda, furushi mapajani. Alifungua mdomo, akaufunga. Nilidhani anameza hasira. Kisha akainuka, akaliweka furushi juu ya mto.

"Basi. Siku ya tano ninakuja, saa tatu. Nikikuta hauko tayari ninakuogesha kwa nguvu, na dereva akiangalia."

Nilicheka. Na yeye alicheka. Aliponipita mlangoni alinishika shavu, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu nikiwa mdogo, nikaona amezidisha.

Nikisema ukweli wote, haikuwa dini. Alipotaja mwezi nilijua palepale kwamba yeye ndiye mwenye haki. Mtoto wa Kiislamu gani hajui kwamba Ramadhani haifuati kalenda ya ukutani? Lakini kwenye fremu ya mlango wetu palikuwa na alama nyeusi ya kiganja, ya grisi, mahali mume wangu alipojishikiza kila jioni akivua viatu vya kazini. Miaka kumi na miwili niliisugua kwa sabuni nikimgombeza. Sasa nilikuwa naishika kila nikipita. Kalenda ilinipa siku tano zaidi za kuishika, nami nikazichukua, nikazipa jina la sheria.

Siku ya kwanza ilipita vizuri, nilifagia vyumba vilivyo vitupu. Siku ya pili niliamka nikasikia mawe yanaburutwa barabarani na filimbi za vijana. Mji ulikuwa umekufa. Siku ya tatu pia. Sikuwa na redio, kwa hiyo sikujua kilichokuwa kinaendelea mjini zaidi ya ukuta wangu. Siku ya nne palikuwa kimya, na kwa mbali nilisikia magari machache yakikimbia, nikashukuru: kesho njia itakuwa wazi.

Siku ya tano niliamka alfajiri nikachemsha maji. Saa tatu ikapita. Niliyaacha yakapoa, nikayachemsha tena. Nilisikiliza kila mngurumo. Saa sita nilifungua furushi mwenyewe, nikaingia bafuni na sabuni mpya, nikajimwagia maji kwa kopo, kichwani kwanza kama inavyotakiwa, nikisema maneno ambayo angeyasema yeye. Mgongo haukufikika. Ni jambo dogo, lakini nilisimama pale na povu mgongoni, nikaelewa kwa mwili wangu wote maana ya kubaki mmoja. Nilivaa kitenge. Nilichoma udi juu ya kaa. Nikaketi kitandani, nimependeza, nikamngoja mpaka saa ya kutotoka nje.

Asubuhi iliyofuata niliondoka kwa akili yangu. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli, aliyekuwa akipita na madumu ya maji, alikubali kunibebea godoro. Kitanda nilikiacha. Kalenda niliiacha ukutani na duara lake. Nilishika fremu ya mlango, nikafunga kufuli, nikaufuata mgongo wa yule mtu kwa miguu. Njia panda vijana walitusimamisha, wakalipiga godoro fimbo wakitafuta kitu ndani. Mmoja alinitazama mtandio, akasema, "Wa musikiti huyu. Acheni apite." Jirani yangu wa kushoto alipita njia hiyo hiyo na mtoto wa gauni, na sikuwahi kujua yeye aliambiwa nini.

Bwiza nilikuta nyumba ya dada imefungwa kwa kufuli la nje. Uani, kwenye bomba, mpangaji wao alikuwa anaosha vyombo, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Aliniona na godoro, akajifuta mikono, akaingia kwake, akatoka na ufunguo.

"Karibu, mama. Aliniachia hii. Juzi walienda Uvira, na lori ya mchele. Njia ilifunguliwa asubuhi tu, masaa mbili matatu, bwana yake akasema ni sasa ao basi."

Nilimwuliza walianza lini kufikiria Uvira, ng'ambo ya mpaka, Kongo.

"Zamani. Bwana alitaka waende toka wiki mbili. Yeye ndiye alikataa. Alisema, mudogo wangu anamaliza siku zake, tutaenda na yeye. Siku ile ya kamyoneti walikuwa wakuchukue, walale usiku mmoja, waende."

"Mbona hakuniambia?"

Alinitazama kama anayeogopa kuniumiza. "Alisema akikuambia, utafikiri anaharakisha eda yako kwa ajili ya safari yake. Alitaka utoke na moyo mweupe."

Sikumuona tena. Salamu zilikuja mara mbili kutoka Uvira, na watu wa kupita. Nikapanga kumfuata, nikaambiwa mpaka umefungwa. Nikapanga tena, na Uvira nako kukachafuka, watu wakasambaa na milima. Baada ya vita nilimtafuta mpaka Kigoma. Kuna aliyesema alimwona, kuna aliyesema siye. Sijui mwezi aliokufa, kama amekufa, na sijui nianzie wapi kuhesabu.

Lakini siku ile nilikuwa bado nadhani ni jambo la wiki moja. Nilifungua vile vyumba viwili. Vilikuwa vimefagiwa. Na mle ndani mlikuwa na nyumba yangu. Kila kilichotoka Mutakura chini ya majani ya muhogo alikuwa amekipanga kama kilivyokaa kwangu: sufuria kubwa chini ya ndogo, pasi mkono wa kushoto wa dirisha, viatu vya Idi kando ya mlango, ncha zikitazama nje. Redio ilikuwa juu ya kigoda. Hata chujio alilipachika kwenye msumari, na kwangu lilikuwa kwenye msumari. Nilitandika godoro. Nilikaa hapo mpaka alasiri, nikimsikia yule mpangaji akiwakusanya wanawe ndani, maana saa ya kutotoka nje ilikuwa inakaribia. Nikainuka kufunga mlango.

Nyuma ya mlango, palipofichwa na ubao ukiwa wazi, ukuta ulikuwa na mistari ya makaa. Mistari midogo, imesimama wima, ya mtu ambaye hakufundishwa kuandika tarehe. Ilikuwa imepangwa mafungu manne, na juu ya kila fungu alichora mwezi mchanga. Nilihesabu moja, mbili, mpaka mwisho: hapa ishirini na tisa, pale thelathini, kisha fungu fupi la kumi. Alikuwa akiingia kila siku kufagia chumba cha mtu ambaye hajaja, na kila siku akanichorea mstari.

Baada ya kumi palikuwa na nafasi, upana wa kiganja. Kisha mistari mingine minne, bila mwezi juu yake. Ilikuwa ile yangu, ya kalenda. Hakuikubali, lakini alikuwa ameihesabu.

Nilichuchumaa pale nikaihesabu tena ile ya mwisho kwa kidole, nikiomba iwe mitano, iwe mitatu, iwe yoyote. Mara ya tatu niliihesabu kwa sauti. Safari hiyo sikuwa nimekosea.